Kuumwa Ughaibuni: Mlango Upi, na Bili ya Nani?

Kila muhula wanafunzi wapya wanapofika, maswali ya kwanza huwa ya chumba, simu na namba ya kodi. Swali la hospitali linakuja la mwisho, na mara nyingi linakuja saa nane za usiku, mtu akiwa na homa, anapiga simu kwa mwenzake: "Kaka, niende wapi? Na wakinitibu, nitalipa nini?" Makala haya ni ya kujibu maswali hayo mawili mchana kweupe, kabla homa haijafika.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa uhandisi, miaka thelathini sasa, na kazi yetu wahandisi ni kuangalia mfumo na kuuliza unavujia wapi. Mfumo wa matibabu wa hapa Texas una mabomba mazuri sana, yanavuja sehemu zinazojulikana. Ukizijua, utatibiwa vizuri na mfuko wako utapona.

Tunapoishi

Wengi wetu tunaosoma Dallas tumepita Vickery Meadow, kama si kwa kuishi basi kwa kutembelea ndugu. Ni mtaa wa kaskazini mashariki ya Dallas, kando ya Park Lane na Greenville Avenue, karibu na lile duka kubwa la kitajiri la NorthPark. Apatimenti zimebanana. Nyingi zilijengwa miaka ya 1960 hadi 1980 kwa ajili ya vijana wenye kazi wasio na watoto. Mwaka 1988 sheria ya nyumba ya Marekani ilirekebishwa, ikapiga marufuku kuwakatalia wapangaji kwa sababu wana watoto. Familia zikaingia, kodi ikawa nafuu kuliko mitaa ya jirani, na mashirika ya kupokea wakimbizi yakaanza kuleta watu. Leo ukisimama stesheni ya treni ya Park Lane utasikia Kiburma, Kinepali, Kiarabu, Kihabeshi, Kisomali, na Kiswahili cha aina zote: cha Bukavu, cha kambi za Kigoma, cha Nairobi na cha Dar.

Hapohapo jirani, upande wa Walnut Hill Lane, kuna hospitali kubwa ya kibinafsi isiyo ya faida, Texas Health Presbyterian Hospital Dallas. Mjini kuna Parkland, hospitali ya umma ya kaunti ya Dallas, iliyoanza mwaka 1894 na kuhamia jengo jipya mwaka 2015. Kwa vifaa na wataalamu, hatuna la kulalamika. Lakini jimbo hilihili la Texas ndilo linaloongoza Marekani nzima kwa watu wasio na bima ya afya. Mwaka 2023 walikuwa takriban asilimia 16 ya wakazi, yaani mtu mmoja kati ya sita. Hospitali nzuri na watu wasioweza kuingia, vyote katika mtaa mmoja. Huo ndio mfumo tunaouzungumzia.

Nyumbani unalipa dirishani, hapa unaletewa nyumbani

Tofauti kubwa kati ya kwetu na huku ni wakati wa kulipa. Tanzania ilianza uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali mwaka 1993, na Kenya miaka minne kabla yake. Tangu hapo tumezoea: unakata kadi, unalipa dirishani, unapewa risiti, ndipo unamuona daktari. Kipimo kina bei yake, kitanda kina bei yake. Kama huna pesa unajua palepale kwamba huna, unawapigia ndugu simu, wanachanga. Ni utaratibu mkali, na watu wameumia kwa ajili yake, lakini bei unaijua kabla ya sindano.

Huku ni kinyume. Unaingia, unapokelewa kwa tabasamu, unapimwa, unasaini karatasi kumi, unakwenda zako. Baada ya wiki tatu au nne bahasha zinaanza kuingia: moja ya hospitali, moja ya daktari, moja ya maabara, moja ya aliyesoma picha ya eksrei ambaye hukumwona hata kivuli chake. Wageni wengi hudhani wametapeliwa. Hapana, ndivyo mfumo ulivyojengwa. Hospitali na madaktari wanaofanya kazi ndani yake mara nyingi ni wafanyabiashara tofauti, kila mmoja anadai chake.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: huku bei inatafutwa kabla, kwa kuuliza, kwa sababu haitakuja yenyewe. Tangu tarehe 1 Januari 2022, kwa sheria ya shirikisho, mtu asiye na bima au anayelipa mwenyewe akipanga miadi ana haki ya kupewa makisio ya bei kwa maandishi kabla ya huduma. Bili ikija imezidi makisio hayo kwa dola 400 au zaidi, unaweza kufungua malalamiko ndani ya siku 120. Makisio hayo usiyatupe. Yaweke pamoja na pasi yako ya kusafiria.

Milango mitano

Mtu akiumwa huku ana milango mitano mbele yake, na tofauti ya bei kati ya mlango na mlango ni kubwa kuliko tofauti ya tiba.

Wa kwanza ni kliniki ya chuo. Mafua, koo, mkojo kuuma, vipele, chanjo: anza hapo. Kwa kawaida umeshailipia ndani ya ada, hata kama hujawahi kuingia.

Wa pili ni kliniki za kaunti na za jamii. Parkland ina kliniki mitaani, na moja iko Vickery Meadow penyewe, pale Park Lane. Kwa wakazi wa kaunti ya Dallas wenye kipato kidogo kuna mpango wa msaada wa malipo. Fort Worth, hospitali ya umma inaitwa JPS. Houston ni Harris Health, yenye hospitali za Ben Taub na Lyndon B. Johnson, na mpango wake wa msaada watu wameuzoea kwa jina la Gold Card. Kila kaunti inahudumia wakazi wake, kwa hiyo ushahidi wa anwani ni muhimu. Mwenye viza ya masomo aulize masharti kabla ya kuumwa, maana makazi ya kudumu na viza ya muda si kitu kimoja machoni pa ofisi hizo.

Wa tatu ni kliniki za haraka, zile za pembeni ya barabara unazoingia bila miadi. Mguu umeteguka, umejikata kidogo ukikata vitunguu, homa ya jioni: hapo panafaa. Uliza bei mlangoni, watakuambia.

Wa nne ndio mtego wenyewe: kituo cha dharura kinachojitegemea. Mwaka 2009 Texas ilipitisha sheria ya kuviruhusu vituo vya dharura visivyo ndani ya hospitali. Kwa nje kinafanana kabisa na kliniki ya haraka: vioo, maua, maegesho, kahawa ya bure. Lakini kinatoza bei ya chumba cha dharura. Rafiki yangu mmoja alikwenda kwenye kimojawapo kwa sababu ya koo. Alikaa dakika arobaini, akapewa vidonge, na bili iliyokuja ikazidi kodi yake ya mwezi. Koo lilipona haraka, mshtuko ulikawia. Sheria ya mwaka 2019 inavitaka vituo hivyo viseme wazi kwa maandishi kwamba vinatoza kama chumba cha dharura na kama viko ndani ya mtandao wa bima yako. Soma ile karatasi. Ukiona neno "Emergency" kwenye bango, jua umeshafika mlango wa nne, hata kama jengo linafanana na saluni.

Wa tano ni chumba cha dharura cha hospitali. Hapa kuna sheria ambayo kila Mwafrika mwenzetu anapaswa kuijua kama anavyojua jina lake. Ni ya mwaka 1986, kwa kifupi EMTALA. Inasema kwamba hospitali yenye chumba cha dharura na inayopokea fedha za Medicare lazima impime kila anayefika, na kama yuko katika hatari wamtibu mpaka atulie, bila kujali bima, pesa wala karatasi za uhamiaji. Dallas ina mkono wake katika historia hiyo. Miaka ya 1980 hospitali za kibinafsi zilikuwa na tabia ya kuwatupia Parkland wagonjwa maskini, wengine wakiwa mahututi, na mkuu wa Parkland wa wakati ule, Dkt. Ron Anderson, alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele mpaka sheria zikatungwa.

Lakini tuelewane: sheria inasema watakutibu, haisemi bure. Na inaishia pale unapotulia. Haikupi dawa za mwezi mzima, haikupi miadi ya pili, haitibu kisukari. Kwa maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kupooza upande mmoja wa uso au mkono, damu isiyokatika, mimba yenye matatizo, piga 911 na usifikirie pesa hata sekunde moja. Bili inaweza kujadiliwa, maiti haijadiliwi. Kwa koo na mafua, tumia milango mingine.

Kilichotokea hapa mwaka 2014

Sasa tuzungumze ubora. Watu wengi nyumbani huamini kwamba hospitali ya Marekani haikosei. Vickery Meadow inajua zaidi.

Tarehe 20 Septemba 2014, Thomas Eric Duncan, raia wa Liberia, alifika Dallas kutoka Monrovia, akafikia kwa ndugu katika apatimenti za Vickery Meadow. Usiku wa tarehe 25 alikwenda chumba cha dharura cha ile hospitali ya jirani, Texas Health Presbyterian. Alikuwa na homa, kichwa na tumbo vinauma. Hakuwa na bima. Alieleza kwamba ametoka Afrika, na maneno hayo yaliandikwa kwenye kompyuta. Joto lake lilipanda mpaka 103 kwa kipimo cha Fahrenheit, yaani zaidi ya 39 kwa kipimo chetu. Alfajiri akapewa antibayotiki, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Tarehe 28 alirudi kwa ambulansi, safari hii mahututi. Tarehe 30 ikathibitika ni Ebola, mgonjwa wa kwanza kugunduliwa ndani ya Marekani. Tarehe 8 Oktoba akafariki. Wauguzi wawili waliomhudumia waliambukizwa, wakapona.

Hospitali kwanza ilisema kompyuta ilitenganisha maandishi ya muuguzi na ya daktari. Siku iliyofuata ikajirudi, ikasema habari ya safari ilikuwa inaonekana kwa madaktari. Tarehe 16 Oktoba mkuu wake wa tiba aliomba radhi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Novemba hospitali ikafikia makubaliano na familia, ikiwemo kufuta bili. Familia na watu wengi waliuliza kama rangi yake na kukosa bima vilichangia kurudishwa nyumbani. Hospitali ilikana. Siwezi kuingia ndani ya kichwa cha daktari wa usiku ule. Ninachoweza kusema kama mhandisi ni hiki: habari iliyookoa maisha ilikuwepo ndani ya mfumo, ikakosa kufika kwa mwenye kuamua. Mashine zilikuwepo, wataalamu walikuwepo, kiungo cha kati kikakatika.

Mtaa nao ulilipa. Watu 48 waliokuwa wamekaribiana naye walifuatiliwa kwa siku 21, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeugua. Lakini wakazi wa Vickery Meadow walisimulia jinsi walivyoambiwa wasije kazini kwa sababu ya anwani zao tu. Mwafrika yeyote akikohoa kwenye basi, watu walisogea.

Somo tunalobeba ni la vitendo. Usitegemee kwamba ulichomwambia muuguzi kimemfikia daktari. Kirudie. Kwa sauti, kwa kila anayevaa koti jeupe: "Nimetoka Tanzania tarehe fulani." "Nina homa siku nne." Na kabla ya kuondoka uliza maswali matatu: Mnadhani ni nini? Kitu gani kingine kinaweza kuwa? Nikiona dalili gani nirudi haraka? Si utovu wa adabu. Sisi tumelelewa kumwitikia daktari "ndiyo, daktari" na kushukuru. Huku mgonjwa asiyeuliza anachukuliwa kuwa ameelewa na ameridhika.

Malaria: ugonjwa wetu, wasiouzoea wao

Hatari iliyo karibu zaidi na sisi ni malaria. Kila mwaka Marekani hupata takriban wagonjwa 2,000 wa malaria, na karibu wote wameipata safarini. Mwanafunzi anakwenda nyumbani Krismasi, anakataa kumeza dawa za kinga ("mimi mtoto wa Tanga, malaria ni shangazi yangu"), anarudi Januari msimu wa mafua. Homa ikipanda, daktari kijana ambaye hajawahi kuona malaria anamwambia ni mafua, apumzike.

Kumbuka mambo mawili. Kwanza, ile kinga kidogo tuliyokuwa nayo inapungua ukikaa miaka bila kuumwa na mbu wa kwetu. Waliokulia Nairobi au Arusha pengine hawakuwa nayo tangu mwanzo. Pili, daktari hawezi kutafuta ugonjwa asioufikiria. Mwambie: "Nimetoka nchi yenye malaria, naomba kipimo cha malaria leo, si kesho." Malaria ya kwetu inaweza kuua ndani ya siku chache. Dawa mseto, ile tunayoiita mseto au Coartem, iliruhusiwa Marekani mwaka 2009, kwa hiyo dawa zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kusema neno.

La tatu ni kifua kikuu. Vyuo vingi huwapima wanafunzi kutoka kwetu. Wengi tuna alama ya chanjo ya BCG mkononi, na chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kivimbe kana kwamba una maambukizi. Ukisema una BCG, omba kipimo cha damu, ambacho hakidanganywi na chanjo. Unajiepusha na eksrei isiyo ya lazima na miezi ya dawa.

Lugha

Dada mmoja Mkongo tunayeishi naye jengo moja aliniomba nimsindikize kliniki. Akaniambia, "Kaka, nataka kuona munganga." Mtu wa Dar akisikia hivyo anaweza kudhani dada anatafuta mganga wa kienyeji. Kumbe kwa Kiswahili cha Kongo munganga ndiye daktari mwenyewe. Kama sisi tunaweza kupishana hivyo, sembuse mkalimani wa simu aliyezaliwa Mombasa na bibi wa Uvira anayeeleza maumivu ya ndani.

Sheria za haki za raia za mwaka 1964, na sheria ya afya ya 2010, zinazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zitoe mkalimani bila malipo. Usikubali mtoto wa miaka kumi atafsiri habari za mama yake. Na ukimsindikiza jirani, hakikisha umeomba mkalimani wa kazi hiyo, wewe ubaki kama ndugu. Ukihisi lugha hazipatani, sema wazi kwamba mgonjwa anasema Kiswahili cha Kongo, ili watafute anayefaa.

Bima kwa hesabu ndogo

Wenye viza ya J-1 wanatakiwa na serikali kuwa na bima yenye angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, na kile kiasi cha kwanza unachotoa mwenyewe kisizidi dola 500. Kwa wenye F-1 serikali haikuweka sharti, lakini vyuo vingi vimeweka. Bima nafuu za kwenye intaneti zinavutia, lakini soma maneno madogo: nyingi hazilipi ugonjwa uliokuwa nao kabla, wala ujauzito.

Mambo ya kuelewa ni manne tu. Kuna mchango wa kila mwezi au muhula. Kuna kizingiti, yaani kiasi cha kwanza unachotoa mfukoni kabla bima haijaanza kulipa. Kuna sehemu yako, asilimia unayoendelea kuchangia baada ya kizingiti. Na kuna dari, kiwango cha juu ambacho ukishakifikia kwa mwaka bima inabeba yote yaliyobaki ndani ya mtandao.

Chukua mfano. Hospitali imeandika bei ya dola 5,000. Bima yako ina mkataba nayo, bei ya makubaliano ni 3,000. Zile 2,000 zinafutika, hudaiwi. Kizingiti chako ni 500, sehemu yako asilimia 20. Unalipa 500, halafu asilimia 20 ya 2,500 zilizobaki, ambayo ni 500 nyingine. Jumla 1,000. Kwa hospitali iliyo nje ya mtandao, ile bei ya makubaliano haipo, na hesabu inaanzia juu. Ndiyo maana swali la kuuliza kwenye simu si "Mnapokea bima yangu?" Watasema ndiyo, kila mtu anapokea pesa. Swali ni "Mko ndani ya mtandao wa bima yangu?"

Sheria ya 2022 inakulinda na bili za ghafla za nje ya mtandao kwenye dharura, na kwa daktari wa nje aliyejitokeza ndani ya hospitali iliyo ndani ya mtandao. Ambulansi za barabarani hazimo katika sheria hiyo ya shirikisho. Bili yake hupita dola 1,000 kirahisi.

Bahasha imefika, fanya hivi

Usilipe siku hiyohiyo, na usiitupe. Kwanza, kama una bima, subiri karatasi ya bima inayoeleza walicholipa, ulinganishe. Pili, omba bili ya mchanganuo, kila sindano na kila kipimo kwa mstari wake. Tangu Septemba 2023 sheria ya Texas inaitaka hospitali ikupe mchanganuo huo kwa lugha rahisi kabla ya kukupeleka kwa wadai madeni. Tatu, uliza neno "Financial Assistance". Hospitali zisizo za faida, na hapa ni nyingi, zinalazimika na sheria kuwa na mpango wa msaada ulioandikwa, na unaweza kuomba mpaka siku 240 tangu bili ya kwanza. Mwanafunzi anayelipwa posho mara nyingi yuko chini ya kiwango cha kipato. Nne, kama bado unadaiwa, omba kulipa kidogokidogo, na upate makubaliano hayo kwa maandishi. Usiweke deni la hospitali kwenye kadi ya mkopo ya benki. Hospitali ina subira, benki haina.

Gharama ndogondogo

Dawa: bei ya dawa ileile hutofautiana sana kati ya duka na duka mtaa mmoja. Omba dawa isiyo na jina la kampuni. Walmart ilianzisha mwaka 2006 orodha ya dawa za kawaida kwa dola 4 kwa dozi ya siku 30, presha na kisukari zikiwemo.

Meno: bima nyingi za wanafunzi haziyagusi. Vyuo vya udaktari wa meno vya Dallas na Houston vina kliniki ambazo wanafunzi wanatibu wakisimamiwa na walimu wao, kwa bei ya chini. Nenda na subira na kitabu, utakaa kitini muda mrefu.

Gari: hii wengi hawaijui. Texas inaitaka kampuni ya bima ya gari ikupe kinga ya majeraha yako mwenyewe, angalau dola 2,500, isipokuwa ukatae kwa maandishi. Wakala anayetaka kukupunguzia bei atakusogezea karatasi usaini kukataa. Soma kabla ya kusaini. Ajali ikitokea, kinga hiyo inalipa hata kama kosa ni lako, na inaweza kuziba kizingiti chako.

Wenzetu wasio na chuo

Nimeandika kana kwamba sote tuna kliniki ya chuo. Jirani zetu hawana. Mkimbizi anayefika na asiyestahili Medicaid ya kawaida hupewa msaada wa matibabu wa serikali kuu wa muda. Muda huo ulikuwa miezi 8 kwa miaka mingi, ukawa 12 mwaka 2021, na mwaka 2025 ukakatwa kuwa miezi 4. Na kwa kuwa Texas haikupanua Medicaid, mtu mzima asiye na ulemavu wala mtoto mdogo, hata awe maskini vipi, kwa kawaida hapati. Miezi minne haitoshi hata kujifunza kusema "deductible", achilia mbali kupata kazi yenye bima.

Hapo ndipo chama chetu kina kazi ya kufanya, na haihitaji pesa. Anayejua kusoma bili amsomee asiyejua. Anayejua kujaza fomu ya Parkland aijaze na jirani. Jumamosi moja kwa mwezi, meza mbili, chai na maandazi, kila mtu aje na bahasha zake. Tumezoea kuchanga mtu akifa, kusafirisha mwili, na hilo ni jema, tusiliache. Lakini saa mbili za kusoma bili ya aliye hai ni nafuu kuliko jeneza la ndege.

Wiki hii fanya mambo matatu: tafuta kliniki iliyo ndani ya mtandao wa bima yako, uandike namba yake kwenye simu, piga picha kadi yako ya bima umtumie mtu mmoja unayemwamini, na mwambie huyo mtu dawa unazotumia na kitu kinachokudhuru. Mwenye swali anione baada ya mkutano.